Alikunywa Peke Yake

Nangwa, 9 Januari 2022

Mwalimu Mkuu, shikamoo.

Natumaini u mzima na mama Kornelia hajambo. Sisi huku wazima, ila ng'ombe wa jirani yangu Gidahosh wameingia tena kwenye mahindi. Nimekwenda kwake mara ya tatu, ananijibu kwa upole kwamba ng'ombe hawajui mpaka. Wadatoga hawa, Mwalimu, wanakumaliza kwa upole.

Simu najua hupendi, ndiyo maana nampa Saleh barua hii. Bado anazunguka minada na mitumba yake, Katesh, Dongobesh hadi Mbulu, na ameniahidi ataifikisha mpaka mlangoni kwako.

Nina habari. Nimeanza kuandika historia! Usinicheke. Ulipokuwa mkuu wangu pale Bashay nilikuona kila jioni umepiga mstari pembeni mwa kaunta buku, unaandika mambo ya wazee wa Tlawi, nikajiuliza huyu mtu anapata raha gani. Sasa nimejua. Naandika jinsi wazazi wetu walivyoshuka kutoka Mbulu kuja kulima huku Hanang. Mwaka mmoja tu, nina kurasa sitini. Paroko amezisoma, anasema parokia itazichapisha kwa jubilei ya Julai.

Kuna ukurasa mmoja nimeuacha wazi, wa kumi na nne. Baba yangu alizaliwa jirani na chemchemi ya Tlawi. Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka minne hivi, na katika ukoo mzima hakuna anayemtaja jina. Baba alipokaribia kufa, mwaka 1998, alisema neno moja tu: "Mama alikunywa peke yake." Unajua kwetu pombe ni ya watu. Mwanamke anayekunywa peke yake ni mlevi wa kupindukia. Basi tukaacha kuuliza, kwa aibu. Lakini nina miaka hamsini na nane, Mwalimu, na sijui jina la bibi yangu. Hata kama alikuwa mlevi, ni bibi yangu.

Kama unalo jina, nipe. Na kama unajua nani aliyeifungua ile chemchemi, nipe pia, niujaze ukurasa wangu.

Mwalimu wako wa darasa la tatu pale Bashay,
Onesphory


Tlawi, 30 Januari 2022

Onesphory, marahaba.

Barua nimeipata, inanuka mitumba. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu. Usikasirike, ni mazoea. Bado huweki mkato panapotakiwa.

Kurasa sitini kwa mwaka mmoja. Hongera. Mimi nina miaka kumi na mmoja na kaunta buku saba, na sijathubutu kumwonyesha paroko hata ukurasa mmoja, maana kila nikidhani nimemaliza, mzee mwingine ananiambia tofauti. Lakini kila mtu na mwendo wake. Maharage hukomaa kabla ya mahindi, na bado ghala tunaliita la mahindi.

Na hiyo jubilei, utasoma wewe umesimama mbele, au watu watasoma kimya kimya? Nauliza tu.

Kornelia anasema niache maneno nikujibu. Nakujibu. Chemchemi ya Tlawi ilifunguliwa na mwanamume aitwaye Bura. Aliitwa hivyo kwa sababu alizaliwa siku nyumba yao ilipopika pombe. Unajua kwetu mtoto huitwa kwa kilichotokea siku yake. Alikuwa mrefu, anatumia mkono wa kushoto, na alichimba kwa jembe alilobadilishana kwa beberu mmoja wa mbuzi. Ilikuwa mwaka wa nzige. Andika hivyo hivyo.

Kuhusu bibi yako sina kitu. Pole.

Severine
Mwalimu Mkuu (mstaafu)


Nangwa, 27 Machi 2022

Mwalimu Mkuu, shikamoo sana.

Asante! Asante kwa Bura! Nilipofika kwenye mkono wa kushoto niliinuka kitini. Kitu kama hicho mtu hawezi kukitunga. Nimekiandika kama ulivyosema, beberu na nzige na yote.

Nilikuja Tlawi tarehe 19, mama Kornelia akaniambia umekwenda Mbulu kwa mambo ya macho. Basi nikapanda kwa Bibi Imakulata, yule wa juu ya chemchemi. Miaka tisini na minne, na bado anakamua mbuzi mwenyewe! Alinipa maziwa. Nilipomtajia jina la baba alinishika mkono akaniangalia usoni muda mrefu, mpaka nikaona haya. Nikamuuliza nani alifungua maji yale. Akasema, "Muulize Severine. Nilimwambia yote, akaandika."

Nilifurahi, Mwalimu. Nikajua Bura wako ana shahidi. Bibi alikuwa amechoka, sikumsumbua zaidi, nikaaga. Nitarudi kwake baada ya mavuno nimwulize na habari za bibi yangu, labda anakumbuka kitu.

Dada wa steshenari pale Katesh ameshaanza kuchapa. Anasema mwandiko wangu unamtia kizunguzungu, nimemwambia asubiri auone wako, ni kama wa ubao wa shule siku ya mkaguzi.

Mwalimu wako,
Onesphory


Tlawi, 22 Mei 2022

Onesphory, marahaba.

Bibi Imakulata tumemzika Jumanne. Alilala tu, hakuugua.

Sasa nikuambie jambo lililonikera. Jeneza lilikuwa halijashuka kaburini, Wolfgang, mwenyekiti wa kamati ya maji, akanisogelea akaninong'oneza, "Mwalimu, wewe si ndiye uliyewahi kufanya kazi na Onesphory, yule mwanahistoria?" Wolfgang! Nilimfundisha mimi kushika penseli. Nilikuwa nimekaa na marehemu kila Jumapili baada ya misa, miaka minne, naandika maneno yake mpaka mkono unakufa ganzi, na kwenye maziko yake mimi ndiye niliyewahi kufanya kazi na Onesphory. Nikamjibu kwamba nilikuwa mkuu wako. Akasema, "Aa, kumbe ulimfahamu."

Na wewe ulikwenda kwake nikiwa hospitali. Ungeweza kusubiri siku mbili. Bibi yule alikuwa mtu wangu, Onesphory, kila mwandishi ana wazee wake. Usidhani nina wivu. Nasema tu hainipendezi.

Kitabu kimefika wapi? Ningekuwa wewe ningeutoa ukurasa wa kumi na nne, nikauweka mwakani. Siyo kwa sababu yoyote. Historia inataka kuiva.

Kornelia anakusalimu. Yeye anakusubiri kwa hamu, kitabu na wewe mwenyewe.

Severine


Nangwa, 17 Julai 2022

Mwalimu Mkuu, shikamoo!

Pole kwa Bibi Imakulata. Nililia, sikufichi. Nilikuwa nimemwekea kilo mbili za sukari.

Barua yako ilinikuta nakala mia tatu zimeshatoka Babati, kwa hiyo ukurasa wa kumi na nne uko ndani. Na afadhali uko! Jubilei ilikuwa Jumapili iliyopita. Nilisoma mbele ya watu, ndiyo, nimesimama. Nilipofika kwa Bura kanisa lilinguruma. Baada ya misa wakanijia watu wa koo tatu, wote wanatoka Tlawi, kila ukoo unasema Bura ni babu yao. Ukoo wa kwanza wanasema babu yao Bura alikuwa mrefu. Wa pili wanasema wao mpaka leo wanazaa watoto wa mkono wa kushoto. Wa tatu wamekuja na jembe lenyewe, Mwalimu, limekula kutu, wamelifunga kwenye kitenge. Nusura wapigane uwanjani.

Wolfgang alikuwapo. Anasema wabishane watakavyo, maji ni ya wote, na kamati itaweka jiwe pale chemchemi: CHEMCHEMI YA BURA. Litafunuliwa tarehe 3 Septemba. Na mgeni rasmi, nimewaambia mimi mwenyewe, asiwe mtu mwingine ila wewe.

Nakutumia nakala mbili kwa Saleh. Kabla ya yote fungua ukurasa wa kumi na nne, chini kabisa. Ni zawadi yangu kwako. Ukurasa unaofuata umebaki na mstari mmoja tu: "Jina la bibi yangu sikulipata."

Mwalimu wako,
Onesphory


Tlawi, 7 Agosti 2022

Onesphory,

Marahaba, ingawa ukimaliza kusoma hutaniamkia tena.

Nilifungua ukurasa ule nikiwa nimesimama, Saleh bado yuko mlangoni anakunywa chai. Chini umeandika: "Habari hii nimepewa na Mwalimu Severine wa Tlawi, aliyenifundisha kupenda historia. Hakuna aijuaye Tlawi kumzidi." Nikakaa. Halafu nikakipekua kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta jina langu mahali pengine. Halipo. Lipo hapo tu.

Bura hayupo. Hakuwahi kuwapo. Nilimtunga mezani kwangu, Kornelia anapepeta maharage pembeni, yeye na jembe lake na mkono wake wa kushoto. Nilitaka umchapishe, halafu mzee mmoja asimame mbele za watu akuulize Bura gani huyo, ukose jibu. Sikufikiri kwamba kila nyumba ina Bura wake na kila nyumba ingemdai.

Ni wivu. Nimeliandika sasa, neno lenyewe. Miaka kumi na mmoja nimewafuata wazee kwa miguu, na hakuna aliyeniita mwanahistoria hata kwa utani. Wewe, niliyekufundisha kupiga mstari wa pembeni, mwaka mmoja tu unapigiwa vigelegele. Niliposoma habari za zile kurasa sitini niliona kama mtu ameingia shambani kwangu akavuna mimi bado napalilia. Na jina la Bura nililichagua kwa dhihaka. Uliniandikia kwamba bibi yako alikunywa, nami nikakupa mtu aliyezaliwa kwenye pombe. Nilicheka peke yangu, Kornelia akaniuliza nacheka nini.

Kuna kubwa kuliko hilo. Jina la bibi yako ninalo. Nililiandika mwaka 2013 nisijue ni la nani, na barua yako ya Januari ilipofika nikajua ni la nani. Nanakili kaunta buku ya tatu, maneno ya Bibi Imakulata:

"Aliyefungua yale maji ni mwanamke, Udahosh, Mdatoga. Njaa ilimleta mlimani akiwa msichana, akaolewa kwetu. Mtoto wake wa kwanza alikufa mchanga, basi wakamtenga. Metimani, ndivyo tulivyoita: asiote moto wa mtu, asichote maji ya watu. Akachimba yake, kwa fimbo na pembe la ng'ombe, akawa anakunywa pale peke yake. Mwaka uliofuata kijito cha watu kikakauka. Mama akanituma na kibuyu alfajiri, nisionekane. Nilimkuta. Akakichukua akanijazia mwenyewe. Mwishowe wote walichota pale. Baadaye akapata mtoto wa kiume, kisha akafa. Hawamtaji kwa sababu walikunywa maji ya mtu waliyemtenga."

Mtoto huyo wa kiume ni baba yako. Bibi yako hakuwa mlevi, Onesphory. Alikunywa maji.

Bibi Imakulata hayupo tena wa kuulizwa. Kuna karatasi yangu tu, na sasa wajua karatasi yangu ina thamani gani.

Severine


Nangwa, 21 Agosti 2022

Severine,

Sikuamkii.

Barua yako niliisoma darasani. Niliwaacha darasa la tano na zoezi la hesabu nikatoka nje, nikasimama nyuma ya choo kama mtoto aliyechapwa.

Alinishika mkono. Unaelewa? Alikuwa anauona uso wa bibi yangu kwenye uso wangu, na mimi nikaaga haraka kwa sababu niliamini wewe ulikwisha kuniambia yote. Ningekaa pale mpaka jioni. Ningemuuliza alikuwa anacheka vipi, alikuwa mfupi au mrefu. Yeye alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyemwona, na mimi nilikunywa maziwa yake nikaondoka.

Kitabu si kitu, vitabu vinachapwa tena. Dada zangu wawili hawajawahi kuonja pombe maisha yao yote, kwa kuogopa damu ya bibi. Nimewapigia simu jana. Mkubwa alilia, mdogo ameuliza kama nina hakika. Nikamwambia sijui, maana aliyeniambia ni wewe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nalisema neno hilo kwa watoto wa shule bila kulifikiri.

Tarehe 3 siji. Nenda wewe, mgeni rasmi.

Onesphory


Tlawi, 11 Septemba 2022

Mwalimu Onesphory,

Hukuniamkia, nami sina la kuitikia. Sitakuomba kitu. Nakueleza tu yaliyotokea, kama taarifa.

Nilikwenda. Walinivalisha shada la maua la karatasi. Wolfgang alipoliendea jiwe alifunue nilimwambia angoje, nikasimama, nikasema yote. Nilianza na uongo wangu, kisha nikasoma kaunta buku ya tatu. Hakuna aliyenizomea, ingawa ningeona afadhali wangenizomea. Ukoo wenye jembe walilifunga tena kwenye kitenge wakaondoka. Wazee wawili walisema ninamzulia marehemu Imakulata kwa kuwa hawezi kujibu. Mmoja akasema tena kwa sauti kwamba wao hawakuchota kwa mtu aliyetengwa, hata siku moja. Wolfgang akaniambia chinichini, "Mwalimu, jiwe limeshachongwa." Wakalifunua. Limeandikwa Bura, na wakapiga makofi.

Nilipokuwa nasema uongo waliniamini kwa barua moja tu.

Tangu siku ile kila asubuhi nashuka na chaki. Naandika chini ya Bura: UDAHOSH. Herufi kubwa, kama kichwa cha somo. Kesho yake nakuta kuna mtu amefuta. Naandika tena. Kornelia ameniuliza nitafanya hivyo mpaka lini, nikamwambia chaki ninazo za kutosha, nilistaafu na boksi mbili.

Kwa Saleh nimekupa kaunta buku zote saba. Hazina nakala. Soma za wazee wengine, ulinganishe, usichukue neno langu hata moja bila kuuliza mtu. Wapo bado watatu wanaoweza kukumbuka, majina yao nimeyaandika ndani ya jalada. Sijifanyi mwema, Onesphory. Nilipokuwa nazifunga kwa kamba niliona wivu hata hapo, kwamba utazitumia vizuri kuliko mimi.

Severine


Nangwa, 30 Oktoba 2022

Kwa Mwalimu Severine,

Nimezisoma zote. Imenichukua wiki sita na miwani mipya. Nilikuwa nimekusudia nizisome kwa hasira, nitafute makosa, na kalamu nyekundu nilinunua. Nimepata matatu. Lakini mkato unajua kuweka.

Wale watatu niliwafuata, nilipanda Tlawi bila kupita kwako, utanisamehe au usinisamehe. Wawili walikataa kusema. Wa tatu ni mama Judica, kule juu kabisa. Nikamtajia jina moja tu, sikumwongoza. Akasema mama yake alikuwa akimtisha akiwa mdogo: usinywe kwa Udahosh kabla hujaomba radhi. Akanionyesha walivyokuwa wakifanya. Unamwaga kidogo chini kwanza, ndipo unakunywa. Anafanya hivyo mpaka leo, na hakuwa anajua kwa nini. Basi sasa tuna mashahidi wawili. Nimewaambia dada zangu kwamba nina hakika.

Nilikwenda pia kwa jirani yangu Gidahosh. Nilimwambia bibi yangu aliitwa Udahosh. Kwa Wadatoga jina la mwanamume huanza na Gida, la mwanamke na Uda, kwa hiyo nilidhani ataruka aseme huyo ni wa kwetu. Akafikiri, akasema jina hilo liko katika kila boma, kama Bura kwenu. Kwa hiyo sikuandika kwamba ni ndugu yake. Hilo nimelijifunza kwako, kwa njia zote mbili. Ila ameanza kuniita mjomba, na ng'ombe wakiingia kwenye mahindi anakuja kuwatoa mwenyewe. Bado wanaingia.

Ukurasa wa kumi na nne nimeuandika upya. Dada wa steshenari amenichapia vipande mia tatu, navibandika kwa gundi kitabu kwa kitabu, nyumba kwa nyumba. Jina lako sikulitoa. Uongo uko pale na jina lako, na ukweli uko pale na jina lako, mstari chini ya mstari. Usiniombe nilitoe.

Hasira sijaimaliza. Usiku wa kumbukumbu ya kifo cha baba itanirudia, najua. Lakini nasikia kwa Saleh kwamba chaki zako zimebaki nusu boksi, na mvua zinakaribia, na mvua haitasubiri mtu wa kufuta. Jumamosi nakuja na kopo la rangi ya mafuta, nyeupe. Brashi ninayo. Mwandiko wangu unautambua, ungemtia bibi aibu, kwa hiyo utaandika wewe, mimi nitashika kopo. Mwambie mama Kornelia tutakuwa wawili chakula cha mchana. Kabla ya kula tutashuka chemchemi, tumwage kidogo chini, tunywe.

Shikamoo, Mwalimu.

Onesphory